Mashine ni ya Tajiri: Je, Siri za Mfanyakazi ni za Nani?



Katika mikutano ya matawi tumekuwa tukiulizwa swali moja ambalo zamani halikuwamo katika mambo yetu. Wanaoliuliza ni makarani wa mizani, watunza stoo, madereva wa matrekta, na siku hizi hata akina mama wanaofunga chai kiwandani. Swali lenyewe ni hili: je, ni kweli kwamba tajiri anaweza kusoma maneno tunayoandikiana? Na ikiwa anaweza, ni nani aliyempa ruhusa?

Zamani macho ya tajiri yalikuwa ni mnyapara. Mnyapara alikuwa na miguu miwili kama sisi. Alichoka, alikwenda kula, na mvua ikinyesha alijibanza chini ya mti ule ule tuliojibanza sisi. Kila mtu alijua mnyapara yuko wapi na anatazama upande gani. Siku hizi mnyapara ametiwa ndani ya mashine. Langoni kuna kifaa cha kuwekea kidole. Katika mashamba mengine mzani wa chai huandika wenyewe kilo na namba ya mchumaji. Malori na matrekta hufungwa chombo kinachoonyesha yuko wapi dereva na amesimama dakika ngapi. Ofisini karani anakaa mbele ya kompyuta iliyoungwa na kompyuta kubwa ya kampuni, na kila aandikacho hupita huko. Mnyapara huyu hali, halali, wala hasahau.

Wako ndugu wanaosema mambo ya kompyuta ni ya watu wa kola nyeupe, sisi wa panga na jembe hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Siku zako za kazi, faini zako, likizo yako, karatasi yako ya hospitali, vyote vimo katika kompyuta hiyo. Tena makatibu wetu wengi wa matawi ni makarani. Malalamiko ya wanachama hupita mikononi mwao, na mara nyingi hupita katika mashine ya tajiri. Akisomwa karani, tumesomwa sote.

Ndiyo sababu tumechagua kueleza kwa kirefu kesi moja iliyotokea mbali, katika nchi ya Romania huko Ulaya. Kesi hiyo ilipigwa danadana mahakamani kwa miaka kumi, vyama vya wafanyakazi vya Ulaya viliingia ndani yake, na mwisho wake majaji walitoa maswali ambayo katibu wa tawi lolote anaweza kuyaweka mezani mbele ya meneja.

MHANDISI WA BUCHAREST

Mwenyewe alikuwa mhandisi aliyesimamia mauzo katika kampuni ya watu binafsi mjini Bucharest. Aliajiriwa tarehe 1 Agosti 2004. Wakubwa wake walimwagiza afungue akaunti katika huduma iliyoitwa Yahoo Messenger ili awajibu wateja. Watu waliitumia huduma hiyo kuandikiana papo kwa papo kwa kompyuta, kama leo wanavyotumia WhatsApp. (Ilikwisha kufungwa mwaka 2018.) Akaunti ile ilikuwa ya kazi. Mhandisi alikuwa na nyingine ya kwake mwenyewe.

Kampuni ilikuwa na kanuni zilizokataza kutumia kompyuta, simu, fotokopi, teleksi na faksi kwa mambo ya mtu binafsi. Mhandisi alizisoma akatia sahihi mwezi Desemba 2006. Mwanzoni mwa Julai 2007 ukazungushwa waraka kwa wafanyakazi. Ulisema kwamba mwenzao mmoja amefukuzwa kwa kutumia intaneti, simu na fotokopi kwa mambo yake, kwamba kampuni inalazimika kuangalia kazi za watu, na kwamba wenye makosa wataadhibiwa. Waraka huo nao aliutia sahihi.

Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 13 Julai 2007 kampuni ilirekodi maneno yake yote katika huduma ile, wakati ule ule akiwa anaandika.

Tarehe 13, saa kumi na nusu jioni, akaitwa. Akaambiwa kwamba ametumia intaneti kwa mambo yake, akaonyeshwa na michoro ya kudai kwamba ameitumia kuliko wenzake. Hakuambiwa kwamba maneno yenyewe yamesomwa. Akajibu kwa maandishi kwamba alitumia akaunti ile kwa kazi tu. Hata saa nzima haikupita. Saa kumi na moja na dakika ishirini akaletewa karatasi 45.

Karatasi hizo 45 zilikuwa ni maneno aliyoandikiana na ndugu yake wa kiume na mchumba wake. Yalikuwamo mambo ya afya yake na mambo ya chumbani, ambayo mtu hamwelezi hata rafiki wa chanda na pete. Yalikuwamo na machache yaliyotoka katika akaunti yake mwenyewe, si ile ya kazi. Mhandisi akajibu kwamba kampuni imefanya kosa la jinai kwa kuvunja siri ya barua zake. Tarehe 1 Agosti 2007 akaachishwa kazi, miaka mitatu tangu siku aliyoajiriwa.

Hebu tufikiri kidogo juu ya dakika zile hamsini. Meneja alikuwa na karatasi tayari mezani alipomwuliza mtu yule swali la kwanza. Hakuuliza ili apate kujua, maana alikuwa amekwisha kujua. Aliuliza ili amshike na uwongo. Sisi tunaokaa katika vikao vya nidhamu tunaufahamu mchezo huu vizuri, na ndiyo maana siku zote tunamwambia mwanachama: ukiitwa, usijibu neno kwa maandishi kabla hujaonyeshwa ushahidi walio nao, na kabla mwakilishi wako hajafika.

KUSHINDWA, KISHA KUSHINDA

Mhandisi alikwenda mahakamani. Mahakama ya mwanzo ya Bucharest ilimkatalia mwezi Desemba 2007. Mahakama ya rufani ikamkatalia mwezi Juni 2008. Hoja yao ilikuwa kwamba tajiri ana haki ya kuangalia kazi inavyofanywa, kwamba kanuni zilijulikana, na kwamba kwa vile mtu mwenyewe alikana, njia pekee ya kujua ukweli ilikuwa kusoma.

Ndipo akaipeleka serikali ya nchi yake mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg, Ufaransa. Mahakama hiyo husimamia mapatano ya mwaka 1950 ambayo kifungu chake cha 8 kinalinda maisha binafsi ya mtu, jamaa yake, nyumba yake na barua zake. Hukumu ya kwanza ilitoka tarehe 12 Januari 2016, naye akashindwa tena, majaji sita kwa mmoja. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika siku zile kwamba sasa matajiri wamepewa ruhusa ya kusoma barua za wafanyakazi. Hapana shaka mameneja wengi walikata kipande kile cha gazeti wakakitunza. Kipande cha mwaka uliofuata sijui kama walikikata, maana hatujawahi kuonyeshwa.

Shauri lilipelekwa mbele ya Baraza Kuu la mahakama hiyo, ambalo lina majaji 17. Hapo Shirikisho la Vyama vya Wafanyakazi la Ulaya liliruhusiwa kuleta hoja zake kwa maandishi. Tarehe 5 Septemba 2017 hukumu ikageuka. Majaji 11 walisema haki ya mhandisi ilivunjwa, kwa sababu mahakama za Romania hazikumlinda. Majaji 6 walikataa. Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Bărbulescu dhidi ya Romania, na katibu atakayetaka kuitaja katika barua na aiandike hivyo.

Neno kubwa la hukumu ile ni kwamba maagizo ya tajiri hayawezi kuyafanya maisha ya mtu mahali pa kazi kuwa si kitu kabisa. Tajiri aweza kuyapunguza kwa kadiri kazi inavyohitaji. Kuyafuta, hawezi. Mtu haachi utu wake langoni pamoja na mwavuli.

Lakini lililo muhimu zaidi kwetu ni maswali. Majaji walisema mahakama zilipaswa kupima kwanza kama mfanyakazi aliarifiwa mapema, na kwa maneno wazi, kwamba ataangaliwa na ataangaliwa namna gani. Hapa ndipo kampuni ile ilipoangukia. Ilikuwa na kanuni. Ilikuwa na sahihi mbili za mhandisi. Ilikuwa hata na waraka uliosema kazi za watu zitaangaliwa. Lakini hapakuwa na mahali popote palipomwambia kwamba maneno yake yenyewe yatafunguliwa na kusomwa.

Tunaomba kila mjumbe wa tawi alielewe jambo hili hata kama ataacha mengine yote. Tangazo la kukataza ni kitu kimoja. Tangazo la kuangalia ni kitu kingine. Kumwambia mtu "usipite katika shamba hili" si kumwambia "nimetega mtego katika shamba hili". Tajiri akikuonyesha karatasi ya kukataza, umwulize iko wapi karatasi ya pili.

Halafu huulizwa kiasi. Je, kampuni iliangalia tu kwamba ujumbe umekwenda, saa ngapi na kwa nani, au ilifungua ikasoma? Ilisoma vyote au baadhi? Kwa siku ngapi? Watu wangapi waliona? Kuhesabu barua katika mfuko si sawa na kuchana bahasha. Na sababu ya kuchana bahasha lazima iwe nzito kuliko sababu ya kuhesabu. Mahakama ya mwanzo ya Bucharest ilizungumza juu ya hatari ya mitambo kuharibiwa na juu ya siri za biashara kutoka nje, lakini hakuna aliyeonyesha kwamba mhandisi yule alifanya lolote katika hayo.

Tena, je, ilikuwapo njia nyepesi zaidi? Ikiwa shida ni mtu kupoteza wakati, saa alizotumia zaonekana bila kusoma aliyomwambia mchumba wake. Na je, adhabu inalingana na kosa? Mhandisi alipewa adhabu kubwa kuliko zote. Mwisho, je, mfanyakazi alikuwa na kinga yoyote, mathalani kwamba yaliyomo hayafunguliwi kabla hajaarifiwa?

Baadhi ya ndugu watasema: lakini mtu yule alikosa, alikatazwa akafanya. Kweli, na chama hakitetei mtu kupiga soga saa za kazi huku mwenziwe akibeba mzigo wa wawili. Mahakama nayo haikusema kwamba alifanya vizuri. Hata fidia ya machungu hakupewa. Majaji walisema kwamba kule kutangazwa kuwa haki yake ilivunjwa kunatosha, wakaamuru alipwe yuro 1,365 za gharama za kesi. Kwa miaka kumi ya kuhangaika, yuro 1,365. Sisi tunaona ni kidogo mno. Lakini tangu siku ile maswali yale yamekuwa yakitumika katika mahakama za nchi nyingi za Ulaya.

MAHAKAMA SI MAMA YETU

Isidhaniwe kwamba majaji wale huwapa wafanyakazi ushindi kila mara. Katika duka moja kubwa la vyakula huko Hispania, mwaka 2009, meneja aliona kwamba mali inapotea kwa maelfu ya yuro kila mwezi, na upotevu ulikuwa unazidi. Akaweka kamera za kuonekana milangoni na nyingine za kificho zilizoelekea kwa wapokea fedha. Kwa siku kumi ziliwapiga picha. Wafanyakazi 14 walifukuzwa. Shauri lilifika Strasbourg, na tarehe 17 Oktoba 2019 Baraza Kuu likasema, majaji 14 kwa 3, kwamba haki ya faragha ya wale walioshtaki haikuvunjwa, ingawa hawakuarifiwa juu ya kamera za kificho. Majaji waliona kwamba wizi ulikuwa mkubwa na wa kikundi, siku zilikuwa chache, na mahali penyewe palikuwa mbele ya macho ya wateja.

Tazama basi tofauti. Kamera juu ya sanduku la fedha dukani, kwa siku kumi, kwa sababu ya wizi unaoonekana katika vitabu, si sawa na kusoma maneno ya mtu na mchumba wake kwa sababu ya kanuni tu. Mjumbe wa tawi anayetaka kumtetea mwizi kwa kesi ya Romania atarudi na aibu.

Tutaje na jambo la Ujerumani, kwa ajili ya ndugu wa viwanda vya nguo ambao jina la H&M wameliona kwenye lebo. Katika kituo cha huduma cha kampuni hiyo mjini Nuremberg, mfanyakazi akirudi kutoka likizo au ugonjwa aliitwa na msimamizi kwa mazungumzo ya kukaribishwa. Alionekana kama anajuliwa hali. Kumbe aliyoyasema, ugonjwa gani, dalili gani, ugomvi gani nyumbani, hata mambo ya dini, yaliandikwa na kuwekwa katika kompyuta, na mameneja kama hamsini waliweza kuyasoma. Yalifanyika hivyo tangu mwaka 2014 kwa uchache. Siri ilifichuka mwezi Oktoba 2019, mashine ilipokosewa kupangwa na maandishi yakaonekana kwa kampuni nzima kwa saa chache. Mwezi Oktoba 2020 ofisi ya serikali ya Hamburg inayolinda habari za watu iliitoza kampuni faini ya zaidi ya yuro milioni 35. Kampuni iliomba radhi ikawalipa wafanyakazi fidia.

Huko hakuna aliyesoma barua ya mtu. Waliuliza tu "unaendeleaje", na wakaandika jibu.

HAPA KWETU

Hukumu za Strasbourg hazifungi mahakama zetu za Uganda. Lakini sheria yetu si tupu. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 27, inasema kwamba mtu asiingiliwe katika faragha ya nyumba yake, barua zake na mawasiliano yake. Tangu mwaka 2019 tunayo Sheria ya Kulinda Habari za Watu na Faragha, nayo inamtaka yeyote anayekusanya habari zako akwambie kabla, ni habari gani na za kazi gani. Inakupa haki ya kuomba uonyeshwe kilichoandikwa juu yako, na ipo ofisi ya kupeleka malalamiko, yenye makao Kampala. Majirani nao wametunga za kwao: Kenya mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022. Na Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1997 unaosema kwamba wawakilishi wa wafanyakazi waarifiwe na washauriwe kabla mashine za kuangalia watu hazijafungwa. Mwongozo si sheria, lakini meneja anayesema "mambo haya hayana utaratibu popote" asomewe huo.

Sheria ina mlango mpana wa kutokea, nao tuuseme wazi. Habari zinazohitajiwa ili kutimiza mkataba wa kazi zaweza kuchukuliwa bila kukuomba ridhaa. Tajiri hahitaji kukubembeleza ili aandike siku zako za kazi. Mapambano yetu ni pale anapotoka katika siku za kazi akaingia katika mke, maradhi, dini na chama.

Mwaka jana katika kiwanda kimoja, ambacho hatukitaji kwa kuwa shauri bado liko mezani, lilitundikwa tangazo la mistari miwili: kompyuta za kampuni ni kwa kazi za kampuni tu. Miezi mitatu baadaye karani wa mizani aliitwa, akasomewa kwa sauti, mbele ya watu wanne, maneno aliyomwandikia mke wake juu ya karo ya shule na deni la dukani. Alikuwa ameifungua WhatsApp yake katika kompyuta ya ofisi. Katikati ya maneno hayo palikuwa na mstari mmoja: kwamba Jumapili atachelewa nyumbani kwa sababu kuna mkutano wa chama. Mstari huo hawakuusoma kwa sauti. Lakini ulikuwa umepigiwa kalamu nyekundu.

Karani alisimamishwa kazi kwa kosa la kutumia vibaya mali ya kampuni. Tawi liliandika barua ya maswali matano, mengi yakiwa ni yale ya Bucharest kwa maneno ya kwetu. Wafanyakazi waliambiwa lini kwamba maneno yao yatasomwa, na karatasi iko wapi? Karani alianza kuangaliwa siku gani, na kwa nini yeye? Maneno yake yameonwa na watu wangapi, na nakala ziko kwa nani? Kwa nini mawasiliano na mke wake yalihitaji kusomwa ili kujua kama mizani imeandikwa sawasawa? Na kalamu nyekundu ni ya nani? Kampuni imejibu mawili ya kwanza, tena kwa shida. Jibu la swali la kwanza ni kwamba wafanyakazi "walipaswa kujua".

MASHINE INAONA NINI

Hofu nyingine hutoka katika kutojua, kwa hiyo tuseme yale tunayoyajua.

Barua pepe ya kampuni hukaa katika kompyuta kubwa ya kampuni. Ukiifuta katika mashine yako, nakala yaweza kubaki kule. Kompyuta ya ofisi yaweza kuwekewa programu inayopiga picha ya kioo kila baada ya dakika chache, au inayoandika kila herufi unayobonyeza, na wewe usione dalili yoyote.

WhatsApp katika simu yako mwenyewe ni jambo jingine. Tangu mwaka 2016 maneno yake hufungwa kwa kufuli tangu simu moja hadi nyingine, na anayekaa katikati ya njia hawezi kuyasoma. Ukitumia intaneti ya bure ya kampuni kwa simu yako, kampuni yaweza kuona unatembelea wapi na saa ngapi, si yale uliyoandika ndani ya WhatsApp. Lakini ukiifungua WhatsApp hiyo hiyo katika kompyuta ya ofisi, kufuli haina faida, kwa sababu maneno yamekwisha kufunguliwa kwenye kioo cha tajiri. Hivyo ndivyo alivyonaswa karani wetu. Na kundi la WhatsApp lenye watu mia moja halina siri hata kidogo. Anatosha mtu mmoja kumwonyesha nyapara simu yake.

Kwa hiyo orodha ya wanachama, ada na malalamiko visiandikwe katika mashine ya kampuni, hata kwa dakika kumi, hata kama printa ya tawi imekufa. Daftari la karatasi halijazeeka. Neno la siri la kuingilia kompyuta usimpe mwenzako, hata akiwa shemeji yako, kwa sababu atakaloandika yeye litasomwa kuwa ni lako.

Matawi ambayo mapatano yao na waajiri yanakaribia kwisha yaingize kifungu kipya. Tumeandaa mfano wake kwa Kiswahili na Kiingereza, nao unapatikana katika ofisi ya wilaya. Unataka kampuni itaje kwa maandishi kila mashine inayoangalia watu, inaangalia nini, habari zinakaa muda gani na nani anazisoma. Isisome maneno ya mtu bila kumwarifu yeye na mwakilishi wake. Na isitumie mashine hizo kuangalia kazi za chama. Waajiri wengine watakubali cha kwanza wakakataa cha tatu. Cha tatu tusikiachilie.

Jambo la mwisho ni fomu. Tumeona vibarua wapya wakipewa karatasi nne au tano siku ya kwanza, kwa Kiingereza, wakaambiwa watie kidole haraka kwa kuwa lori linaondoka. Katika karatasi hizo imo siku hizi moja inayosema mfanyakazi anakubali kuangaliwa kwa njia yoyote. Wajumbe wa lango waombe nakala ya fomu hiyo katika kila kampuni na kuituma ofisi ya wilaya kabla ya mwisho wa mwezi. Mwanachama aliyekwisha kuitia sahihi asiogope kuja. Tunazihitaji sana fomu za watu waliotia sahihi bila kusomewa, pamoja na tarehe, na jina la karani aliyewapa kalamu.